Mtumbwi Tuliourudisha Ziwani

Vijana wa section yetu ya vitu vya kale, tangu siku mliyoniaga kwa soda na michopo, nyama choma ya mbuzi, hamjaacha kunisumbua niandike niliyoyaona kazini kabla sijayasahau. Sijasahau kitu. Lakini nimestaafu, na mvua za Butembo hazimruhusu mtu kwenda shambani kila siku. Tena liko jambo moja chini ya Ziwa Edouard ambalo siku moja mtalifukua na kulishangaa, kwa hiyo heri niwaeleze mwenyewe. Habari za vyeo nitaziruka. Vilikuja vikiwa vimechelewa, kama pikipiki ya kukodi siku ya mvua.

Nilikuwa mwalimu wa historia, msichana aliyekwisha kuchoka na chaki, Prof Paluku aliponichukua. Yeye ndiye aliyeanzisha huku kwetu kazi ya kutafuta vitu vya kale chini ya maji. Alikuwa amejifunza kupiga mbizi ng'ambo, akarudi na miwani, mitungi ya hewa na subira ambayo sijaiona kwa mtu mwingine. Siku yangu ya kwanza nilivaa viatu vizuri, nikidhani nitaonyeshwa bureau na meza yangu. Alinifunga kitambaa machoni, akatumbukiza mikono yangu ndani ya beseni la maji.

"Mukono inasema nini?" akaniuliza.

"Kijiko, Prof."

"Hapana. Kijiko njo roho inasema. Mimi nauliza mukono."

Ikabidi nianze upya. Kitu baridi. Laini. Kirefu kama kidole, upande mmoja kimebonyea. Aliandika yote hayo, ndipo akanifungua macho, na kweli kilikuwa kijiko. Niliudhika sana. Nilienda nyumbani nikamwambia mama yangu kwamba nimeacha shule nzuri kwa ajili ya mzee anayecheza na vyombo vya jikoni. Baadaye nikaelewa kwamba maji ya ziwa lile yana rangi ya supu ya maharage, na chini hakuna atakayeona kitu. Mtu huona kwa vidole, na vidole visivyofundishwa huona kile ambacho roho inakitamani.

Kuogelea nako kulikuwa taabu. Sisi watu wa milimani maji tunayajua yakiwa kwenye bidon, dumu la plastiki. Prof alinipeleka kwenye bwawa la samaki la misheni moja upande wa Lubero, mahali ambapo hata viazi vinasikia baridi. Nilijifunza humo, meno yakigongana, masista wamesimama ukingoni wakiniombea kwa sauti. Mmoja wao alikuwa akicheka katikati ya sala. Nilimsamehe kabla ya Noeli.

Basi, ziwa. Wavuvi wa Kyavinyonge walikuwa na mahali walipopakwepa, kwa sababu nyavu zilinasa pale na kuchanika. Capita wao, yaani mkubwa wa wavuvi, aliitwa Kakule, mtu wa maneno machache na mikono mipana. Alitupeleka mwenyewe kwa pirogue, mtumbwi wake wa kuvulia. Kazi yake nyingine ilikuwa kugonga bidon tupu kila alipoona kiboko akisogea, maana kiboko hana habari na utafiti. Tukishuka, masikio yetu yalikuwa kwenye ile bidon.

Siku ile nilishuka mimi kwanza. Si kina kirefu; hata mti wa parachichi ukisimama pale ungetokeza juu ya maji. Nilipapasa matope, nikapapasa tena, kisha vidole vyangu vikakutana na ukingo wa mti uliochongwa. Kisha tundu. Kisha tundu lingine, na ndani ya kila tundu uzi mnene. Mama yangu alishona mikeka maisha yake yote. Mshono niliujua kabla sijajua kusoma. Nilipanda juu nikiwa nimesahau hata namna ya kupumua, nikapiga kelele: "Prof, ni mtumbwi!"

Aliniangalia tu. "Mukono inasema nini?"

"Mbao," nikasema. "Matundu. Kamba ndani ya matundu. Halafu mbao ingine imeungana."

"Bon. Sasa roho inaweza kusema."

Akashuka yeye. Alipopanda alivua miwani, akakaa katikati ya pirogue na kulia mbele yetu bila kuficha uso. Kakule aligeuka akatazama upande wa viboko. Kule chini ulikuwa umelala mtumbwi wa mbao zilizoshonwa, hauna msumari hata mmoja, umefukiwa na matope hadi kwenye mbavu. Kipande kidogo cha mti tulikipeleka kupimwa ng'ambo. Jibu lilipokuja lilisema mti ule ulikatwa yapata karne saba zilizopita. Wenzetu wa Ulaya huziita karne hizo "za kati". Za kati ya nini na nini sijui; kwetu watu walikuwa wanavua samaki.

Kitu nilichokipenda kuliko vyote kilikuwa kiraka. Katika pua ya mtumbwi, ile sehemu ya mbele inayopasua maji, ubao mmoja ulikuwa umepasuka na mtu alikuwa ameuziba kwa kipande kingine. Mshono wa mtumbwi wote ni wa fundi, umenyooka. Mshono wa kiraka ni wa mtu mwenye haraka: tundu moja huku, jingine kule, na uzi wa aina nyingine, pengine kamba ya wavu wake mwenyewe. Kila niliposhuka nilianza kwa kukigusa, kama mtu anayebisha hodi.

Sasa niwaambie kuhusu ubao wa kwanza, kwa sababu wengi mnausikia kwa uongo. Tuliutoa ubao mdogo uliokuwa umelegea, tukaupandisha hadi Butembo umefungwa ndani ya blanketi zenye maji, tukaulaza kwenye beseni refu. Mti uliokaa majini karne zote hizo umebaki ngozi tu. Ndani yake maji ndiyo yanayoushika. Ukikauka unajikunja na kufa. Hayo tulimweleza kila mtu isipokuwa sentinelle wetu, mlinzi Mbusa, ambaye pia ni diacre, yaani shemasi, katika kanisa lake la Kiprotestanti. Tulidhani amesikia.

Mnajua huku kwetu. Maharage huanikwa, mahindi huanikwa, mbao za kujengea huwekwa juu ya jiko zipate moshi. Kitu kilicholoa ni kitu kilichoharibika. Mbusa aliona mbao ya thamani inaoza majini, watu wa projet, yaani mradi wetu, wamekwenda nyumbani kwa mapumziko ya Jumapili, akaihurumia. Aliitoa, akaipangusa kwa shati lake, akaisimamisha kwenye ukuta wa jiko anapopikia. Jumatatu tulikuta imejikunja kama jani la mgomba lililokauka, imepasuka urefu wote.

"Prof, nilifanyaka muzuri," alisema Mbusa, akipitisha macho katika nyuso zetu. "Ilikuwa inaoza. Minaikausha kwa moto kidogo tu."

Mimi nilitaka afukuzwe, na nilisema hivyo kwa sauti. Prof aligeuza bidon, akaikalia karibu na Mbusa. Kisha akasema: "Diacre, kuanzia leo maji njo kazi yako. Hakuna mutu mwingine atagusa maji." Ubao tuliurudisha majini jinsi ulivyokuwa, na sijawahi kuona mlinzi wa maji kama yule. Miaka yote iliyofuata hakukosa siku, akiimba tenzi zake huku anamimina. Prof, ambaye alikuwa Mkatoliki, alimtania kwamba anaubatiza ubao kila siku hadi hata shetani wake amekwisha kuzama.

Hatukukusudia kutoa kitu kingine ziwani. Lakini nyavu zilikuwa zinaivuta ile pua, na ilikuwa imekwisha kuachana na mwili wa mtumbwi. Tungeiacha, ingevunjika. Prof alimwendea Kakule na wazee wa wavuvi kuomba ruhusa. Kakule alijibu hivi, nami nilikuwepo: "Kitu ya maji ni ya maji. Pirogue ikizama na batu, ni yabo. Munaweza kutunza? Mutunze. Mukishindwa, murudishe. Hapana kuuzisha." Prof alimpa mkono na kusema, "Nimesikia, tukishindwa tutarudisha." Hapakuwa na karatasi, na hakuna aliyeihitaji.

Pua ile tuliilaza katika bassin, birika la saruji tulilolijenga uani kwa section. Ili siku moja iweze kukaa nje ya maji, ilihitaji dawa, aina ya nta inayoyeyushwa majini na kuingia ndani ya mti polepole, ikishika nafasi ya maji. Dawa hiyo hutoka mbali. Ilipita bandarini, ikavuka Uganda, ikafika mpakani Kasindi. Prof alikwenda kuichukua mwenyewe, maana alisema forodha huongea vizuri zaidi na mvi. Alipita nyumbani kwake Beni, katika Beu, commune moja ya mji ule, akala na mke wake, Mama Kavira, kisha akaondoka na chauffeur, dereva wetu.

Gari lilipatikana kwenye barabara ya Kasindi, limeungua na fûts, mapipa ya dawa, ndani yake. Prof na chauffeur hawakupatikana, wala siku ile wala baadaye. Nyinyi ni watoto wa huku, mnawajua watu wenye bunduki wa barabara ile, sina haja ya kueleza zaidi. Niliposikia nilikuwa nimeshika brosse ya meno, nasafisha mshono wa kiraka. Nililia kwa hasira kuliko kwa huzuni. Huzuni ilikuja baadaye na haijaondoka.

Familia ilingoja kwa muda mrefu. Mwishowe wazee wakasema mtu hawezi kubaki bila kuzikwa, na katika ukoo wao mwili ukikosekana huzikwa shina la mgomba mahali pake. Tulikwenda Beu. Shina lilifungwa shuka, likaombewa, likashushwa kaburini nyuma ya nyumba, katika udongo mwekundu. Mama Kavira hakulia. Nilipomshika mkono aliniambia: "Kahindo, leo nimezikisha mugomba. Bwana yangu, bado."

Miaka iliyofuata ilikuwa ya maji. Projet ilikwisha, wageni waliokuwa wakija kupiga picha hawakuja tena, robinet, bomba letu la uani, ikawa inatoa hewa kuliko maji. Watu waliokimbia vita upande wa Beni walifika Butembo wengi sana, na familia kadhaa zikalala uani kwetu. Mama mmoja alisimama kwenye bassin na mtoto mgongoni, akaniuliza bila ubaya wowote: "Mama, ile mbao nayo inakunywa maji?" Niliona haya. Tangu siku ile maji ya robinet yalikuwa ya watu, na pua ya mtumbwi ikapata ya mvua. Mbusa alitengeneza mifereji ya bati kutoka kila paa, na wale wakimbizi walimsaidia kuishika. Lakini kiangazi kikija maji yalishuka, ukungu mweupe ukaota, na vidole vyangu vilipopapasa mti viliusikia unalegea. Roho ilisema bado ipo nafuu. Mkono ulisema hapana.

Ndipo akaja patron mmoja wa mjini, mwagizaji wa bidhaa, aliyekuwa anamaliza hoteli yake ya ghorofa. Alitaka pua ile. Angeikausha, angeipaka vernis ya kung'arisha mbao, aiweke mapokezi chini ya taa, na ukutani aandike jina la Prof kwa herufi za dhahabu. Hakuwa mtu mbaya. Alimpenda Prof, alikuwa amesoma naye shule ya msingi. Nilimwambia ikikauka atabaki na kuni. "Mama Kahindo," akasema, "kuni ya karne saba, ni kuni ya heshima." Mkuu wa section alichoka kutusikiliza. Alisema bassin inahitajika kwa mambo mengine, na kwa kuwa Prof ndiye aliyeitoa ile pua, neno la mke wake ndilo litakaloamua. Akikubali hoteli, ni hoteli.

Nilikwenda Beni kumwona. Nilimkuta Mama Kavira anachambua sombe, majani ya muhogo, mlangoni, kaburi la mgomba likionekana nyuma yake. Alikuwa amekwisha kusikia habari ya dhahabu.

"Bapatie patron," aliniambia kabla sijakaa. "Ile mbao njo ilinikulia bwana. Mimi sitaki kuiona, ikauke, ipasuke, ni sawa."

Nilimwambia nina neno moja, nikimaliza nitaondoka. Nikamweleza Prof alivyompa Kakule mkono. Hakuwa amelijua hilo. Aliacha sombe, akapangusa mikono kwenye kitambaa chake.

"Alisema: tukishindwa tutarudisha?"

"Alisema hivyo, Mama. Nilisikia na masikio yangu."

"Na mumeshindwa?"

"Tumeshindwa. Dawa iliungua, na mwenye dawa hayuko. Mule mu matope ilikuwa salama. Tukiirudisha, tukaifunika na mifuko ya mchanga, itadumu."

Aligeuka akalitazama lile kaburi. Kisha akasema, na sauti yake ilikuwa kavu: "Ziwa, inarudishiwa yake. Na mimi, nani atanirudishia yangu?"

Nililia pale kizingitini pake, mwanamke mzima mwenye cheo. Aliniacha nilie, akaniletea maji ya kunawa, kisha akasema: "Bwana yangu hakuwaka mutu wa kudanganya. Murudishe. Lakini siku yenyewe, muniite."

Patron alipopewa jibu alinuna wiki nzima. Baadaye alituma Fuso lake na chauffeur, bila kuulizwa, pamoja na ujumbe kwamba tusimlaumu kama barabara ya Kyondo itatumaliza. Tuliweka godoro za mousse, sponji nene, kwenye sakafu ya karoseri, tukazilowesha hadi zikashiba, tukailaza pua juu yake na kuifunika kwa nyingine. Mbusa alipanda nyuma na bidon zake, akiimwagilia kila kona, tangu kwenye baridi ya juu hadi kwenye joto la tambarare. Alikuwa amezeeka, lakini ukijaribu kumpokea bidon alikukatalia kwa jicho.

Mama Kavira alifika Kyavinyonge kwa njia yake, amepakata mfuko mdogo kama ule wa unga. Wavuvi walikuwa wamejaza mifuko ya mchanga wa ufukweni, mchanga wa rangi ya majivu. Aliitazama, akaniuliza: "Hizi njo mutaweka juu yake?" Nikasema ndiyo. Akaninyoshea mfuko wake. "Na hii, munaweza kutia?"

Niliufungua kidogo. Ulikuwa udongo mwekundu.

"Ni ya pale nyuma ya nyumba," akasema. "Juu ya ule mugomba. Bwana yangu halalaki mu Beu, Kahindo. Miaka yote najua, halalaki pale. Kama iko fasi moja roho yake inajua njia, ni huku."

Kakule alisikia. Alivua kofia, akamwambia "wasingya, Mama", na kwa Kinande hiyo ni asante ambayo hatuitoi ovyo. Kisha akamsaidia kuingia kwenye pirogue. Mama Kavira anaogopa maji kuliko mimi siku ya bwawa la Lubero. Alishika kingo mbili za pirogue, macho ameyafumba, hadi tulipofika. Pua ilikuwa inaning'inia majini ubavuni, imefungwa kamba, kiraka kikiwa juu. Nikamwomba anyoshe mkono aiguse kabla haijashuka. Alikataa, kisha akanyosha. Vidole vyake vilipita juu ya ule mshono uliopinda, vikaenda, vikarudi.

"Mukono inasema nini, Mama?" nilimwuliza. Neno lilitoka lenyewe.

"Iko baridi," akasema. Akaendelea kupapasa. "Na hapa kuna mutu alishona mbiombio. Alikuwa anataka kufika kwabo."

Mbusa, aliyebaki ufukweni, alikuwa akiimba. Tulishusha kamba polepole. Niliifuata pua chini, ikiwa mara yangu ya mwisho kushuka kwa kazi, nikaielekeza mahali pake mbele ya mbavu, nikaifukia matope kwa mikono. Nikapanga mifuko ya mchanga, mmoja baada ya mwingine, na ule wa Mama Kavira nikauweka peke yake juu ya kiraka. Nilipopanda juu alikuwa analia kwa sauti, kilio chote ambacho hakukilia Beu, na wavuvi walikuwa wameweka makasia chini wakimngoja amalize.

Ripoti yangu mnayo. Ina nafasi ya kuandika aina ya mifuko na kina cha maji, haina nafasi ya kuandika nani aliuleta upi. Ndiyo maana nimekaa chini kuandika haya. Siku moja amani ikirudi, na dawa ikifika salama, mtashuka pale. Mifuko itakuwa imeoza. Vidole vyenu vitapita katika mchanga wa majivu, na mkipandisha sampuli juu mtakuta katikati yake, juu kabisa ya kiraka, tonge la udongo mwekundu ambao ziwa lile halina. Msianze kubishana ulitoka mto gani. Msiuondoe. Andikeni tu: udongo wa Beu, umeletwa na mke wa Prof Paluku.